Nani Yuko na Nani? Jinsi Ushirika wa Pomboo na Nyangumi Unavyopimwa katika Bahari ya Malindi

Kati ya Watamu na lango la mto Sabaki, pomboo si wageni. Boti zinazopeleka watalii kwenye matumbawe hukutana nao, na mvuvi wa mshipi aliyetia nanga nje ya mwamba mara nyingi huwasikia wakipumua kabla hajawaona. Kuwaona si kazi. Kazi ni maswali yanayofuata. Hawa kumi walioibuka leo nje ya mlango wa Mida ndio wale wale wa wiki jana? Na kama ndio, wameandamana kwa sababu wanajuana, au wamekutanishwa na samaki tu, kama watu wasiojuana wanavyokutana sokoni?

Ziko hatua nyingi kutoka pezi lililoonekana kwa sekunde mbili hadi kauli kwamba wanyama fulani wawili ni marafiki, na kila hatua inaweza kumdanganya mtafiti. Inayoharibu kazi nyingi zaidi si ya kamera wala ya kompyuta. Ni kushindwa kuamua, kabla ya kung'oa nanga, ni umbali gani na muda gani unatosha kuwahesabu wanyama wawili kuwa wako pamoja.

Anayechunguza wanyama wa nchi kavu ana nafuu. Kule Amboseli, nyani na tembo wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani hao, alichapisha mwaka 1974 makala ambayo wachunguzi wa tabia za wanyama duniani kote bado wanaifuata. Anachosisitiza ni hiki: ukiandika kila kinachokuvuta macho, utajaza daftari kwa vita na michezo, na saa nyingi za utulivu zitapotea kana kwamba hazikuwapo. Kwa hiyo amua mapema utamtazama nani, kwa muda gani, na utaandika kila baada ya dakika ngapi. Kanuni hiyo inafaa baharini pia. Tofauti ni kwamba nyani unamwona mzima mchana kutwa, ilhali sehemu kubwa ya maisha ya pomboo inapita chini ya maji, na unachopewa ni mgongo, pezi na pumzi.

Kwanza, ni pomboo yupi

Kosa la kwanza hutokea hapa, kwa sababu aina tofauti zina jamii tofauti. Wanaoonekana zaidi karibu na matumbawe ya Watamu na Malindi ni Tursiops aduncus, wa kijivu, wenye mdomo mfupi kiasi. Wakizeeka tumbo lao huota madoadoa. Ufukweni kabisa, kwenye maji ya kina kifupi na yenye tope kama yale ya lango la Sabaki, kuna Sousa plumbea, pomboo mwenye nundu ndefu ambayo juu yake limekaa pezi dogo. Huyu ni mwoga wa boti, huishi katika makundi madogo, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, imemworodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Nje kwenye kina kirefu wako Stenella longirostris, wale wembamba wanaoruka na kujizungusha hewani. Hula usiku, mchana hupumzika, na kundi lao linaweza kufika mamia. Ukiwaweka wote katika daftari moja kwa jina "pomboo", hakuna hesabu itakayokuokoa baadaye.

Pezi kama kitambulisho

Utafiti wote wa jamii za pomboo umesimama juu ya jambo moja lililothibitishwa katika miaka ya 1970 huko Argentina, Kanada na Marekani: ukingo wa nyuma wa pezi la mgongo ni mwembamba, huchanika kwa meno ya wenzake, kwa papa, kwa nyavu na kwa kamba, na michaniko hiyo hairudi kuziba. Mpangilio wake humtambulisha mnyama kwa miaka mingi. Mikwaruzo ya meno ubavuni ni hadithi nyingine. Hufifia baada ya miezi, kwa hiyo inasaidia kuthibitisha picha za wiki hii na za wiki ijayo, lakini si za mwaka huu na za mwaka kesho.

Picha inayofaa ina masharti. Pezi lipigwe kwa ubavu, pembe mraba. Likielekea kamera hata kidogo, michaniko hujificha. Lenzi ya milimita 100 hadi 400 inatosha. Kasi ya shata isiwe chini ya sehemu moja ya 1000 ya sekunde, kwa kuwa pomboo anasogea, boti inasogea na mkono wa mpiga picha unasogea. Jua liwe mgongoni mwako. Bahari isizidi 3 katika kipimo cha Beaufort, yaani pale mawimbi yanapoanza kuvunjika na kuweka povu jeupe hapa na pale. Ikipita hapo, hata kuyaona mapezi yenyewe ni bahati.

Nahodha ana nusu ya kazi hiyo. Boti haiingii katikati ya kundi, haiwakati njia kwa mbele, wala haiwafukuzi kwa nyuma. Inawakaribia kwa ubavu, polepole, kisha inakwenda sambamba nao kwa mwendo wao wenyewe. Pomboo wakianza kukaa chini muda mrefu kuliko mwanzo, au wakibadili njia mara kwa mara, wameshasumbuka. Unachokiandika kuanzia hapo si tabia yao, ni tabia yao mbele ya boti yako.

Mtego mkubwa wa mpiga picha ni upendeleo. Pezi lililochanika vizuri linavutia, naye atalipiga mara ishirini na kuyaacha mapezi laini yapite. Kanuni ni kupiga kila pezi linaloibuka, zuri na baya, bila kuchagua. Picha nne au tano kwa kila mnyama aliyekadiriwa ni kiwango kizuri cha kuanzia: kundi la 12, picha zisipungue 50. Hata hivyo baadhi watakosekana, na wasiokuwa na alama, hasa watoto na vijana, hawatatambulika hata wakipigwa vizuri.

Nyumbani, picha zinapimwa mara mbili, kwa maswali mawili yasiyochanganywa. Swali la kwanza ni ubora wa picha: ukali, pembe, ukubwa wa pezi, mwanga. La pili ni upekee wa alama. Ukiyachanganya, pezi lililochanika sana litakubaliwa hata kwenye picha mbovu, na lenye alama ndogo litakataliwa, na kumbukumbu yako itajaa wanyama wenye makovu tu. Kila ulinganisho uthibitishwe na mtu wa pili. Makosa yako ya namna mbili na hayana uzito sawa: ukimpa mnyama mmoja majina mawili, utaongeza idadi ya pomboo baharini, ukiwapa wanyama wawili jina moja, utabuni urafiki ambao haupo. Kwa anayechunguza jamii, hili la pili ndilo baya zaidi.

Jinsia ni kazi ya subira. Kwa macho, dume na jike wa Tursiops wanafanana. Mtu mzima anayeonekana mara kwa mara na mtoto yule yule ubavuni ni jike. Wengine hujulikana wakigeuza tumbo karibu na omo la boti, au kwa kipande kidogo cha ngozi kinachopelekwa maabara. Mtoto mchanga hutambulika kwa mistari myeupe wima ubavuni, alama za kukunjwa tumboni mwa mama, ambayo hutoweka katika miezi ya mwanzo. Huogelea akiwa amebanana na mbavu za mama, au chini ya tumbo lake, na atabaki naye kwa miaka mitatu au zaidi.

Kundi linaishia wapi

Sasa turudi kwenye uamuzi tulioutaja mwanzo. Umekuta pomboo wanane wakila karibu na mwamba, na wengine watano umbali wa mita 80. Je, hilo ni kundi moja au mawili?

Kanuni inayotumika sana ilitokea Shark Bay, Australia Magharibi, ambako pomboo wa aina moja na hawa Tursiops aduncus wetu wamefuatiliwa tangu miaka ya 1980. Inasema: mnyama ni wa kundi ikiwa yuko ndani ya mita 10 kutoka kwa mwanakundi yeyote. Si mita 10 kutoka katikati ya kundi, bali kutoka kwa jirani yake, na jirani kutoka kwa jirani mwingine, mnyororo mpaka mwisho. Kwa hiyo kundi linaweza kuwa na urefu wa mita 60 na bado likawa moja. Watafiti wengine hutumia mita 100, au huwahesabu wote wanaokwenda upande mmoja wakifanya jambo moja. Kila ufafanuzi una utetezi wake. Usichoweza kutetea ni kutumia mmoja mwezi wa Januari na mwingine mwezi wa Machi, au kutousema kabisa. Matokeo ya Watamu yaliyopimwa kwa mita 100 hayawezi kulinganishwa na ya Kizimkazi, Unguja, yaliyopimwa kwa mita 10. Ya kwanza yataonyesha jamii yenye marafiki wengi, na tofauti yote itakuwa imetokana na rula.

Baada ya umbali, muda. Ukiwakuta A na B pamoja saa mbili asubuhi, ukawakuta tena saa nne, hayo si maandamano mawili. Huenda hawakuachana. Kwa kawaida kila jozi huhesabiwa mara moja kwa siku, hata ikionekana mara tano.

Tabia nazo huandikwa kwa mafungu machache yaliyofafanuliwa mapema: kusafiri, kula, kupumzika, kushirikiana kwa kugusana na kufukuzana, na kuzungukazunguka mahali pamoja. Hii si hiari. Kuwa pamoja wakati wa kula kuna maana hafifu, kwa kuwa samaki ndio waliowaita. Kuwa pamoja wakati wa kupumzika kuna uzito zaidi.

Namba inayoitwa urafiki

Tuchukue mfano wa kubuni. A ameonekana siku 20, B siku 16, na katika siku 12 walikuwa kundi moja. Hakuna siku walioonekana wote wawili katika makundi tofauti. Siku 8 A alionekana bila B, siku 4 B bila A. Fahirisi rahisi ya ushirika inagawanya siku za pamoja kwa siku zote ambazo angalau mmoja alionekana: 12 kwa 24, yaani 0.5. Fahirisi ya pili, inayotumika sana kwa pomboo, inazipunguza kwa nusu siku za upweke: 12 kwa 18, yaani 0.67. Inapendelewa kwa sababu baharini mtu hupata picha za tisa kati ya kumi na wanne, na baadhi ya siku B anayeitwa hayupo alikuwepo, ila pezi lake halikupigwa. Sifuri maana yake hawajawahi kuonekana pamoja. Moja maana yake hawajawahi kuonekana mbali.

Mama na mtoto wake anayenyonya hukaribia 1. Wengi wa waliobaki huwa na namba ndogo, kwa kuwa makundi ya pomboo hawa huundwa na kuvunjika mchana kutwa. Ukiikuta jozi ya watu wazima yenye 0.8 mwaka baada ya mwaka, umekuta jambo. Huko Shark Bay jozi na utatu wa namna hiyo ulikuwa wa madume. Hushirikiana kumzuia jike mmoja, kisha timu hizo ndogo huungana na nyingine kuwa muungano wa madume 4 hadi 14 dhidi ya miungano mingine. Urafiki wa ngazi juu ya ngazi ni nadra sana nje ya binadamu.

Lakini namba pekee haitoshi. Ikiwa pomboo wako huenda kumi kumi, wawili wowote watakutana mara nyingi kwa nasibu. Ndiyo maana kompyuta hupewa orodha ile ile ya makundi, kisha huwabadilishana wanyama kati ya makundi maelfu ya mara, huku ukubwa wa kila kundi na idadi ya mara ambazo kila mnyama alionekana vikibaki vile vile. Jozi inayozidi kilichopatikana katika michanganyo hiyo ndiyo inayostahili kuitwa ya hiari. Programu ya SOCPROG ya Hal Whitehead, mtafiti wa nyangumi wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, hufanya kazi hii. Haiwezi kurekebisha daftari bovu. Mnyama aliyeonekana mara mbili tu, zote mbili akiwa na A, hana fahirisi ya kuaminika, na ni lazima awekwe kando mpaka aonekane mara za kutosha.

Pwani yetu ina kasoro yake hapa. Boti nyingi hutoka wakati wa kaskazi na maleleji, bahari ikiwa shwari. Upepo wa kusi ukishika, hasa Mei hadi Julai, wengi hubaki ufukweni. Picha inayojengeka ni ya jamii ya pomboo wa nusu mwaka. Isitoshe, wakati wa kaskazi tope la Sabaki husukumwa kusini kuelekea Malindi, na pale maji yanapobadilika samaki hubadilika na makundi pia. Anayelinganisha Februari na Agosti aeleze alitoka mara ngapi kila mwezi, vinginevyo analinganisha ratiba yake mwenyewe.

Sauti

Kila pomboo wa Tursiops hutunga, katika mwaka wake wa kwanza, mbinja yake ya pekee na kudumu nayo. Majaribio yaliyochapishwa na Stephanie King na Vincent Janik mwaka 2013 yalionyesha kwamba mnyama huitikia akisikia nakala ya mbinja yake, na si za wengine. Ni kitu cha karibu sana na jina. Tatizo ni kwamba pomboo hafungui mdomo anapolia, kwa hiyo haidrofoni moja, yaani kipaza sauti cha chini ya maji, haiwezi kusema nani kalia. Zinahitajika kadhaa. Sauti majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde. Haidrofoni mbili zilizoachana mita 15 zitapishana kuipokea kwa sehemu ya mia ya sekunde, si zaidi, na kutoka kwenye tofauti hiyo ndogo hupigwa hesabu ya mwelekeo. Injini lazima izimwe. Kinasa sauti cha simu hakifai, kwa kuwa hukomea karibu na mwisho wa usikivu wa binadamu, ilhali mibofyo ya pomboo hupita mitetemo 100,000 kwa sekunde.

Nyangumi wa Julai hadi Oktoba

Nyangumi wenye nundu wanaopita Watamu, Malindi na Lamu kati ya Julai na Oktoba hutoka maji ya Antaktika kuja kuzaa na kujamiiana. Vipimo vya pomboo haviwafai moja kwa moja, kwa kuwa hawana makundi ya kudumu. Mama na mtoto hukaa pamoja karibu mwaka mmoja; wengine hukutana kwa saa chache na kuachana. Madume kadhaa wakimfukuza jike mmoja kwa kasi, wakigongana, hilo si kundi la marafiki, ni mashindano. Ushirika wao uko zaidi katika wimbo. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika wote pamoja mwaka hadi mwaka, jambo ambalo haliwezekani bila kusikilizana. Kule pwani ya New England, Marekani, namna ya kupiga maji kwa mkia kabla ya kula ilionekana kwa nyangumi mmoja mwaka 1980, ikaenea kwa mamia, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba iliwafikia kwanza wale walioandamana na wanaoijua. Bila miaka ya kuandika nani alikuwa na nani, jambo hilo lisingejulikana.

Nyangumi hutambuliwa kwa upande wa chini wa mkia, kwa mabaka yake meupe na meusi na ukingo wake. Mkia huonekana anapozama kwa kina tu. Mama mwenye mtoto, akiwa kwenye maji ya kina kifupi, mara nyingi hauinui, kwa hiyo orodha za mikia huwapunja akina mama. Piga na pezi la mgongo, pande zote mbili. Picha hizo zina swali la ziada kwetu: kaskazini, katika bahari ya Oman, kuna nyangumi wa aina hiyo hiyo wasiohamia kokote, wachache sana, na mkia uliopigwa Lamu ndio unaoweza kuonyesha kama kuna anayevuka.

Daftari hili linamhusu nani

Mamlaka yakitaka kujua boti ngapi zinaruhusiwa kukaa na pomboo, jibu linatokana na rekodi hizi. Kizimkazi, Unguja, watafiti waliona kwamba boti za watalii zikiwepo, pomboo huacha kupumzika na kushirikiana na huanza kusafiri au kutafuta chakula. Mapumziko na kugusana ndiyo saa za kujenga ushirika na kunyonyesha. Zikikatwa kila asubuhi, hasara haionekani kwa aliye botini. Jarife, wavu mkubwa wa kunasia samaki, nalo haliui "pomboo mmoja". Likimnasa jike mwenye mtoto, wamekufa wawili. Likimnasa anayeunganisha makundi mawili, makundi hayo yanaweza kuachana. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hulinda matumbawe, lakini pomboo hawa hutoka nje ya mipaka yake kila siku.

Watamu Marine Association na Kenya Marine Mammal Network hupokea taarifa kutoka kwa manahodha, wavuvi na waongozaji wageni, na taarifa ya simu ikiandikwa vizuri ina thamani kubwa. Andika tarehe, saa, mahali kwa jina linalojulikana na baharia au kwa vipimo vya simu, idadi ya chini na ya juu unayoamini, watoto wangapi, walikuwa wakifanya nini, na boti nyingine ngapi zilikuwepo. Andika pia siku ulizotoka usione kitu. Bila hizo, hakuna anayeweza kujua kama pomboo wamepungua au ni safari zilizopungua. Picha usiikate wala kuipamba. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa, michaniko midogo ya pezi hupotea, na saa na mahali vilivyohifadhiwa ndani yake hufutika. Itume kama hati, ikiwa vile ilivyotoka kwenye simu.